Pimbi na Usaili wa Mpiga Mbiu

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe huko nyuma acha kumfinya mwenzako. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakipika uji na kugombeza watoto kama sisi, palikuwa na bonde lililoungua.

Moto ulishuka kutoka kilimani mchana kweupe, huuuu! Hakuna aliyewaambia wenzake mapema. Walipokuja kuuona, ulikuwa umeshafika milangoni. Basi mvua ziliponyesha na majani kuota tena, wanyama wakakubaliana wapate mpiga mbiu. Akae juu ya mwamba, atazame pande zote, akiona moshi apige ukelele. Na atakayeipata kazi hiyo atapewa pango la juu kabisa, pana na kavu.

Pimbi aliposikia habari ya pango, moyo ulimruka. Yeye, mkewe Zawena na watoto wao watano walikuwa wamebanana kwenye ufa wa jiwe. Mvua ikinyesha, wote wanalowa. Na sauti alikuwa nayo! Akipiga ukelele, kiiii! hata ndege wa bonde la pili waliruka.

Lakini alikuwa na jambo moja alilolificha. Akitazamwa na wakubwa, alitetemeka.

Asubuhi ya usaili, Zawena alimchana manyoya, akampa uji. Pimbi alionja vijiko viwili tu.

"Mbona huli?" aliuliza Zawena.

"Tumbo limejaa."

"Limejaa nini, na jana hukula? Ni woga huo, mume wangu."

"Mimi niogope!" Pimbi aliruka. "Usiseme hivyo mbele ya watoto!"

Akatoka bila hata kuaga.

Wasaili walikuwa watatu: Bibi Tembo, Mzee Kifaru na Twiga. Walikaa nyuma ya kichaka kikubwa cha miiba. Nje ya kichaka, waliokuja kuomba kazi walisubiri kwenye foleni. Wa kwanza alikuwa Kiboko, wa pili Nyati, na Pimbi nyuma yao, kama kokoto nyuma ya majabali.

Meno yake yakaanza. Ka-ka-ka-ka!

Kiboko akageuka. "Nani huyo anagonga meno?"

"Natafuna mbegu," alisema Pimbi.

"Mbegu! Ha! Ha! Haaa! Nyati, mtazame huyu, magoti nayo yanatafuna mbegu!"

Nyati hakucheka. Lakini wakati ule Pimbi hakulijali hilo. Aliisikia tu ile ha-ha-haaa, akatamani ardhi ipasuke aingie. Na hapohapo, kutoka kwenye ile aibu, uongo ukamjia mdomoni kama mate.

"Cheka tu, Kaka Kiboko," alisema. "Mimi nimeshaulizia ndani. Najua wanavyotaka."

Kiboko akaacha kucheka. "Wanatakaje?"

"Bibi Tembo siku hizi hasikii. Anayesalimia polepole anafukuzwa. Msogelee hadi sikioni, kisha toa sauti yako yote."

"Kumbe! Sauti ninayo!"

"Kiboko! Ingia!" aliita Twiga.

Kiboko akaingia, tu-tu-tu-tu. Pakawa kimya kidogo. Kisha:

"SHIKAMOO BIBIIIII!"

Puu! Bibi Tembo alianguka chali. Mzee Kifaru akafoka, "Toka! Toka hapa! Unataka kumuua mama wa watu?" Kiboko akatoka mbio, akapita bila kumtazama mtu, akaenda zake mtoni moja kwa moja.

Pimbi alicheka kimoyomoyo, kwi-kwi-kwi. Kisha akagundua jambo. Meno yalikuwa yametulia! Magoti nayo yametulia! Alipokuwa akimdanganya mwenzake, alisahau kabisa kuogopa.

Nyati akainamisha kichwa chake kikubwa mpaka pembe zikagusa majani. Akanong'ona, "Bwana Pimbi, na mimi je? Niingieje? Tafadhali nisaidie."

Hapo Pimbi angeweza kunyamaza, wanangu. Nyati hakuwa amemkosea chochote. Lakini alisema hivi:

"Kaka Nyati, wewe una macho makali. Wazee hawapendi kutazamwa. Ingia kinyumenyume, ndiyo adabu ya humo ndani. Wala usigeuke mpaka uambiwe mara tatu."

"Asante sana, ndugu yangu," alisema Nyati. "Mungu akuzidishie."

Jina lake likaitwa. Nyati akageuza mgongo, akaanza kurudi nyuma, hatua moja, hatua mbili. Kacha! Akakanyaga kibuyu cha maji. Chwaaa! Maji yakamrukia Mzee Kifaru usoni. Mkia wake ukampiga Twiga magotini, pa!

"Nyati!" aliita Bibi Tembo. "Geuka!"

Nyati hakugeuka.

"Tumekuita kutuonyesha makalio?" alinguruma Kifaru. "Ondoka!"

Twiga alicheka mpaka shingo ikayumba. Nyati akatoka taratibu, masikio yamelala. Alipofika kwa Pimbi, machozi yalikuwa yakimtiririka puani.

"Nimeharibu, Bwana Pimbi," alisema. "Ulinieleza vizuri kabisa, mimi ndiye niliyekosea. Labda nilianza na mguu usio wenyewe."

Pimbi akajifanya anapangusa vumbi miguuni.

"Mama yangu aliteketea katika ule moto," Nyati aliendelea. "Alikuwa mzee, hakuweza kukimbia. Angeambiwa mapema kidogo tu... Niliapa kwamba safari nyingine nitakuwa mimi wa kuwaambia watu. Basi. Nenda wewe, ndugu yangu. Usitetemeke. Nitakuombea."

"Pimbi! Pimbi yuko wapi?" aliita Twiga.

Pimbi akaingia. Ule mwendo wa hatua kumi aliuona kama safari ya kutwa nzima. Meno yalirudi, ka-ka-ka. Magoti yalirudi. Na safari hii kulikuwa na kitu kingine kifuani, kizito kuliko woga.

"Shi-shikamoo Bibi. Shikamoo Mzee. Shikamoo Twiga."

"Marahaba," alisema Bibi Tembo, bado akijishika sikio. "Angalau huyu anajua kuingia. Haya, tuambie. Kwa nini tukupe wewe kazi hii?"

Pimbi alikuwa amekariri jibu siku saba. Alilitafuta kichwani, halipo. Alichokiona ni machozi ya Nyati tu.

"Mbona unatetemeka hivyo?" aliuliza Kifaru.

"Ninaogopa, Mzee," alisema Pimbi. Neno lilipotoka, mengine yakalifuata. "Ninaogopa tangu asubuhi. Kiboko alinicheka, nikaona haya, nikamdanganya apige kelele sikioni kwa Bibi. Nyati hakunicheka. Nyati aliniomba msaada, na mimi nikamwambia aingie kinyumenyume. Msiniulize chochote. Mwiteni Nyati."

Hakuna aliyemgombeza. Pimbi alitamani wamgombeze. Bibi Tembo alimtazama toka juu hadi chini, na hakukuwa na safari ndefu.

"Toka ukamwite wewe mwenyewe," alisema. "Na umwambie kwa nini."

Pimbi akatoka, akamwambia. Yote. Akitazama kwato za Nyati, maana usoni hakuweza.

"Unajua kwa nini nilikuuliza wewe?" alisema Nyati. "Mimi tangu alfajiri sijatia jani mdomoni, kwa woga. Nilipoona unatetemeka nikafurahi. Nikasema, huyu atanielewa."

Akaingia ndani, kichwa mbele.

Alieleza habari za mama yake. Alionyesha jinsi anavyounusa moshi ungali mbali. Kisha akalia, mboooo! bonde zima likasimama kusikiliza. Kazi akapewa yeye, na pango akapewa yeye. Kiboko alitumiwa ujumbe arudi ajaribu tena, akakataa kutoka majini.

Pimbi alirudi nyumbani kwa njia ya vichakani ili asikutane na mtu. Watoto watano walimkimbilia. "Baba! Baba! Tunahama lini?"

"Hatuhami," alisema.

Zawena alimtazama mara moja tu, akawatuma watoto wakachume majani. Pimbi akaketi kwenye ufa wao mwembamba, akamsimulia mkewe tangu meno ya mbegu hadi machozi ya Nyati, hakuruka hata kipande cha aibu.

Kwa hiyo, wanangu, siku mkiogopa mbele ya wakubwa, semeni tu kwamba mnaogopa, kuliko kumwangusha mwenzenu ambaye pengine anaogopa kama ninyi.