Mguu wa Kushoto wa Mbonea

Hapo zamani, wala si zamani za mababu, ni zamani hizi za karibuni magari yasiyotaka mguu wa kushoto yalipoanza kuzoeleka, alikuwapo dereva mmoja katika milima ya Upare, jina lake Mbonea.

Kijiji chake, Kisangeni, kimekaa bondeni kama uji ndani ya bakuli. Ukitaka kutoka, huna budi kupanda kwanza hadi juu, mahali wanapopaita Mgongoni, kisha uteremke upande wa pili mpaka tambarare, kwenye lami na hospitali. Upande wa kijiji ni udongo mwekundu, mvua ikinyesha unateleza kama mlenda. Upande wa pili ni changarawe, lakini kona zake zimejikunja, na ukungu hupenda kulala humo.

Mbonea alikuwa na pikapu ya gia za mkono, zile ambazo vijana huziita manyuo. Alijisifu nayo, na haki ya kujisifu alikuwa nayo. "Macho yanaiona barabara," alikuwa akisema, "lakini anayeijua ni mguu wa kushoto." Kwa kukanyaga klachi tu alijua kama gari limechoka, kama mzigo umeegemea upande, kama udongo ulio mbele utashika au utaponyoka. Tangawizi ilitoka kijijini kwa pikapu hiyo. Mabibi harusi walitoka kwa pikapu hiyo. Wagonjwa walitoka kwa pikapu hiyo, na wengi walirudi wakitembea. Na hakuna mtu wa Kisangeni aliyewahi kusikia gia za Mbonea zikilia.

Basi siku moja Mbonea na wenzake walikuwa wakipakua magogo ya mkaratusi. Gogo moja likaponyoka, likamponda mguu wa kushoto. Madaktari walihangaika nao sana, mwishowe wakaukata chini ya goti.

Mbonea akarudi nyumbani, akapanda kitandani, akageukia ukuta.

Akaja mchungaji kumwombea. Mbonea akaitikia amina, ameelekea ukutani. Wakaja wakulima wa tangawizi, wakamwomba pikapu aendeshe mtu mwingine. Akawajibu hapana, ameelekea ukutani. Mkewe Naetwe akamletea uji wa ulezi, akamletea maneno laini, akamletea habari za jirani. Uji akaunywa. Mengine akauachia ukuta.

Kisha akaja mwanawe, Elieneza, ambaye alikuwa na duka la vipuri huko tambarare. Kiangazi kilikuwa bado hakijaisha, akaja na gari dogo, akaliegesha uani pembeni ya pikapu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Nimekuletea gari, baba. Ni otomatiki. Halina klachi, halidai mguu wa kushoto. Unaweka kwenye D, unakanyaga mafuta, linakwenda. Gia linajibadilishia lenyewe."

Mbonea aligeuza shingo, akalitazama kupitia dirishani. Lilikuwa gari zuri, hilo alilikiri moyoni. Lakini alihisi kana kwamba mwanawe amemletea jeneza lililopakwa rangi.

"Likijibadilishia lenyewe, mimi ninafanya kazi gani humo?" akauliza. "Hicho ni kitanda chenye magurudumu, mwanangu. Kitanda ninacho tayari. Rudi nalo."

Elieneza akageuka pale mlangoni. "Basi hata hiyo pikapu tuiuze chuma chakavu," akasema, "maana kazi yake sasa ni kukusimanga tu kila ukiamka."

Mbonea akageukia ukuta tena. Kijana akaondoka na gari lake, na mama yake aliyemsindikiza aliona machozi, ingawa mwenyewe alisema ni vumbi.

Vuli ikaingia. Asubuhi moja Naetwe akaosha vyombo, akajifunga khanga kiunoni, akatwaa ufunguo wa pikapu msumarini, akatoka.

Naetwe hakuwahi kushika usukani maishani mwake. Akawasha. Pikapu ilikuwa imeachwa ndani ya gia, ikaruka kama mbuzi, ikazima. Akawasha tena, akashika rungu la gia kwa mikono miwili, akalisukuma bila kukanyaga kitu. Gia zikalia, krrr, kama mfupa mdomoni mwa fisi.

Mle ndani Mbonea akafumbua macho.

"Mama Elieneza, unafanya nini huko?"

Krrr.

"Kanyaga klachi."

Krrr.

"Nimesema kanyaga klachi, mama."

"Klachi ndiyo ipi?" akauliza Naetwe, mwanamke aliyekaa kiti cha pembeni cha gari hilo tangu alipoolewa, na aliyeijua klachi kama anavyojua kata yake ya maji. Pikapu ikaruka tena, ikaingia kwenye migomba.

Mbonea akayatafuta magongo chini ya kitanda. Alianguka mara moja, akainuka, akatoka nje akitweta, jua likamchoma machoni. "Utaiua," akasema.

"Nitaiua," akasema Naetwe. "Ama unifundishe, ama ukae hapo uitazame ikifa. Ukutani hurudi tena. Kile chumba nitakifunga, na ufunguo ninao mimi."

Mbonea akaketi kwenye ngazi ya mlango. Akatazama mgomba uliolala juu ya boneti na mkewe aliyekwama nyuma ya usukani na jasho usoni, akaanza kucheka, akacheka mpaka kilio kikamtoka humo humo ndani ya kicheko. Tangu siku ile hakulala tena mchana.

Wakamwita Kiondo, fundi wa kuchomelea vyuma na kutengeneza pikipiki, aje aangalie gia zimeumia kiasi gani. Kiondo akaingia uvunguni, akatoka. "Gia ya pili imelika jino kidogo. Itanguruma, lakini itaenda." Kisha akamtazama Mbonea mkono wa kushoto, akautazama mno hata mwenyewe akaona haya.

"Unatazama nini, fundi?"

"Ukibadili gia, mkono huo unashika nini?"

"Rungu la gia. Ungeshika nini kingine?"

"Basi klachi tuilete hapo hapo."

Akaenda gereji kwake, akarudi na mkono wa klachi wa pikipiki. Akaufunga kwenye rungu la gia. Chini akachomelea chuma kirefu cha kubonyeza kanyagio, akaviunganisha kwa waya mnene. Ukifinya kwa vidole, klachi inazama. Ukiachia, inapanda. Mkono ule ule unafinya, mkono ule ule unabadili gia.

"Huu waya si mpya," akasema Mbonea akiupapasa.

"Utafaa."

"Utafaa mpaka lini?"

"Mzee, utafaa," akasema Kiondo, na macho yake yakaenda kwingine.

Mbonea akafinya, akaachia, akafinya. Kwanza gari lilishtukashtuka, na kisigino asichokuwa nacho kilikuwa kikikanyaga hewa. Kisha vidole vikaanza kusikia kile ambacho zamani mguu ulikuwa ukisikia, yule mtetemo mdogo gari linaposema sasa niachie. Alipousikia alizima injini, akavitazama vidole vyake.

Likabaki jambo moja. Kwenye mlima, gari likisimama, dereva anahitaji kushika breki ya mkono huku akiachia klachi, na mkono wa kushoto ulikuwa na kazi tayari. Naetwe akapanda kiti chake cha pembeni. Mbonea akisema "shika," anavuta breki. Akisema "achia," anaachia. Wakafanya hivyo uani, wakafanya kwenye kilima cha kanisani, mpaka ikawa hana haja ya kusema.

Ndipo mvua kubwa zikaja, na Nanzia akashikwa na uchungu.

Nanzia alikuwa mke wa Mfinanga, yule anayeandika mabango ya maduka. Mtoto alikuwa amekaa vibaya. Nesi wa zahanati akasema hapa hapawezekani, ni hospitali, na ni sasa. Gari la wagonjwa lilikuwa mbali, kwa mgonjwa mwingine. Mfinanga akaja mbio kwa Mbonea, tope mpaka magotini.

"Mzee, watu wananiambia hutaweza. Nimekuja kukuuliza mwenyewe."

Mbonea alihisi moyo wake umetulia, kama anavyotulia mtu akisikia jina lake likiitwa mahali anapojulikana. "Mtandikie godoro nyuma," akasema. "Na mumfunike turubai."

Naetwe akampigia simu mwanawe ili awaarifu hospitali. Elieneza akaarifu. Kisha hakumwuliza mtu, akafunga duka, akawasha gari lake dogo, akaanza kupanda mlima kwa upande wa changarawe.

Pikapu ikapanda kwa upande wa udongo. Nyuma walikuwamo Nanzia, nesi, Mfinanga na Kiondo mwenye koleo. Mbonea akaweka gia ya kwanza, hakuwa na haraka. Matairi yakiteleza anafinya kidogo, yakishika anaachia. Penye utelezi mbaya gari likasimama, likataka kurudi nyuma kwenye korongo. Naetwe akavuta breki kwa mikono miwili. Kiondo akaruka, akasukumia jiwe nyuma ya gurudumu, akafukua tope. Mbonea akakanyaga mafuta, akaisikia injini ikikaza, vidole vikaanza kuachia. Naetwe akaachia breki wakati ule ule, bila kuambiwa. Pikapu ikapanda.

Walipofika Mgongoni, hatua ya mwisho kabisa, waya ukakatika.

Mkono wa klachi ukalegea vidoleni kama jani. Pikapu ikazima, ikasimama pale juu, mahali pa tambarare. Na mbele yao, taa zikiwaka ndani ya ukungu, lilikuwa gari dogo la Elieneza.

Kijana akashuka, uso umempauka. "Ukungu umenifunga nyuma, baba. Kupanda nimepanda, lakini sioni kona hata moja. Kuteremka na mgonjwa siwezi. Nitawaua."

Mbonea akalitazama lile gari alilolikataa. Nanzia akaguna chini ya turubai, mguno wa mtu anayekaribia kuchoka. Mbonea akashika magongo.

"Nipishe," akasema.

Wakamlaza Nanzia kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa nesi. Naetwe akakaa mbele. Mbonea akaingia nyuma ya usukani, na kwa mara ya kwanza tangu akatwe mguu, hapakuwa na kanyagio pale chini la kuungoja mguu asiokuwa nao.

"Lina gia ya kushukia mlima?" akamwuliza mwanawe kupitia dirishani.

"Kuna hiyo L. Sijawahi kuitumia."

Akaiweka L. Injini ikalishika gari kama mtu anavyomshika ndama mkia. Ukungu ulikuwa mzito, lakini Mbonea hakuzihitaji kona kwa macho. Alizijua kwa mpangilio wake, hii inavuta kulia, hii ina mwamba, hii ukiipita hesabu pumzi kisha ukate. Kwenye kila kona mguu usiokuwapo ulikanyaga, na gari likaenda bila kuungoja. Breki aligusa tu. Hawakuruka jiwe, hawakutikisa mgonjwa. Wakatoka kwenye ukungu, lami ikaonekana, na hospitali.

Nanzia alijifungua mtoto wa kike kwa upasuaji. Mama akapona, mtoto akapona.

Mvua zilipopungua, Mfinanga akaja nyumbani kwa Mbonea na kopo la rangi nyeupe na brashi. Watu wakajaa uani.

"Mzee," akasema, "mimi shukrani yangu ni mkono wangu. Nataka kuandika jina juu ya kioo cha mbele cha pikapu, kila anayekutana nayo alisome. Nafasi ni ya jina moja. Nimeleta herufi za Mbonea."

"La," akasema Mbonea. "Mimi nilikuwa nimeelekea ukutani. Andika jina la aliyenirudisha barabarani."

Kiondo akakohoa. "Kama ni hivyo, jambo ni jepesi. Aliyempa klachi ni mimi. Hicho kigari cha oto kisingepanda ule udongo hata kwa kusukumwa. Mgonjwa angefia bondeni, na hiyo L ingemngoja bure kule juu."

"Waya wako ulikatika," akasema Elieneza. "Na ulijua ni mkuukuu. Ungekatika mteremkoni tungekuwa tunazungumza mengine hapa. Mimi nilikataliwa, nikafukuzwa na zawadi yangu, na bado nilikuja bila kuitwa. Baba alimfikisha mgonjwa kwa gari langu. Na hata leo nimeliacha hapa, ni lake."

"Ni wewe uliyetaka pikapu iuzwe chuma chakavu," akasema Kiondo. "Leo jina lako liandikwe juu yake?"

Watu wakacheka. Naetwe alikuwa amesimama na mwiko mkononi. "Mnabishana habari za waya na gari," akasema. "Mbonea alikuwa kitandani. Klachi mngemfungia kitandani? Gari si uliliegesha dirishani kwake, mwanangu, akaligeuzia kisogo? Mimi ndiye niliyemtoa. Na breki mlimani ilishikwa na nani?"

"Ulimtoa kwa kuua gia ya pili," akasema Kiondo kwa sauti ya chini. "Inanguruma mpaka leo. Na ile migomba ingekuwa nyumba je?"

"Ningeibomoa nyumba," akasema Naetwe.

Wote wakamgeukia Mbonea. Mbonea akamtazama mkewe, akaona ni yeye. Akamtazama fundi, akahisi ule mtetemo vidoleni, akaona ni yeye. Akamtazama mwanawe, akakumbuka zile taa ndani ya ukungu, akaona ni yeye.

Mfinanga amekwisha chovya brashi. Rangi inadondoka kwenye boneti, na jua ni kali, itakauka sasa hivi. Haya, ninyi mlioketi hapa, ambao hamli wala hamlali nyumbani kwa Mbonea, msaidieni. Je, yupi kati ya hawa watatu alistahili, jina la nani liandikwe?