Nani Kamfundisha Namkunda Kusoma?

Sogeeni karibu, jamani. Mwenye haraka atangulie, maana ya leo haimwachi mtu aondoke na jibu mfukoni.

Huko milimani Upareni, kwenye kijiji wanacholima tangawizi, kulikuwa na darasa la watu wazima, na walimu watatu wa kujitolea. Mzee Kiangi alijaliwa subira. Ungeweza kukosea herufi moja tangu asubuhi mpaka jua lizame, na yeye asikunje uso. Nakijwa, binti mwenye mdomo mwepesi, alijaliwa kuchangamsha watu. Akikushika, unajikuta unakimbia kabla hujajua kama unaweza kutembea. Na Mrutu, kijana mkimya, alijaliwa kuuliza. Swali lake moja unalala nalo.

Alikuwepo na Namkunda, wengine wakimwita Mama Mbazi, mama mwenye wajukuu, aliyetaka kusoma kabla hajafa. Wenzake walianza naye. Wengine mvua ikawaita shambani, wengine macho yakawasumbua, wengine waume zao wakanuna. Akabaki yeye.

Mzee Kiangi ndiye aliyempokea. Mkono wa Namkunda ulizoea jembe, kwa hiyo kila akishika kalamu karatasi inatoboka. Mzee akamwaga unga kwenye ungo.

"Andika humu, Mama Mbazi. Unga hauchaniki."

"Na tukimaliza?"

"Tunasonga ugali, tunakula herufi zetu."

Wakaenda hivyo, herufi kwa herufi, mpaka siku Namkunda aliposoma "maji", akasoma "kuku", akasoma "baba", bila mtu kumsaidia. Akarudi nyumbani kajifunika kanga usoni, watu wasione anavyolia.

Kisha afisa wa elimu akaja na mtihani wake: unasoma kwa sauti dakika moja, yeye anahesabu maneno. Pembeni yake kakaa mwenyekiti wa kijiji, awe shahidi. Sasa mwenyekiti huyo ndiye aliyemwoa binti wa Namkunda. Na kwao mama hapazi sauti mbele ya mkwe wake, wala hamtazami usoni. Namkunda akainamisha kichwa, akavuta kanga. Dakika ikaisha. Afisa akaandika sifuri, Mzee Kiangi akaambiwa apumzike. Mzee alielewa vizuri kilichotokea, lakini angeanzaje kumtaja mkwe wa mtu mbele ya mgeni? Akachukua ungo wake akaondoka.

Nakijwa ndiye aliyempokea kutoka hapo. Alimkuta anasoma maneno mafupi, tena kwa kuviziana nayo. Akahamishia darasa jikoni kwa Namkunda. Wakasoma mfuko wa chumvi, wakasoma kalenda ya kanisani, wakasoma gazeti lililofungiwa dagaa.

"Bibi, usikae kwenye neno kama umekuja kuposa. Pita."

"Na nikikosea?"

"Litakuita lenyewe. Wewe pita."

Mtihani ulipofika, Nakijwa akakataa ukumbi. Akamwambia afisa akae nje ya mlango wa jiko na saa yake, ndani wabaki wanawake peke yao. Namkunda akasoma mbio, afisa nusura apotewe na hesabu. Nakijwa akasifiwa mpaka wilayani. Baada ya hapo akaenda kujifungua.

Namkunda sasa alikuwa anatembea kifua mbele. Siku ya kupiga dawa shambani akawasomea majirani kibandiko cha chupa, kwa sauti: kifuniko kimoja kwa ndoo moja ya maji. Alisoma bila kujikwaa. Halafu akaishika ile chupa akamimina kama alivyozoea kumimina maisha yake yote. Maneno yalipita mdomoni, kichwani hayakufika. Tangawizi ikaungua majani, shamba zima likawa la njano.

"Kusoma ni kwa ajili ya afisa," akasema. Akaacha darasa.

Mrutu ndiye aliyemfuata. Alikuja na jembe, akamsaidia kung'oa mimea iliyokufa, hata neno la shule hakulitaja. Kazi ilipoisha akaokota ile chupa.

"Mama, soma hapa."

Akasoma.

"Imesema nini?"

Akasoma tena.

"Nimesikia. Imesema nini?"

Namkunda akakitazama kibandiko upya. Akakaa chini juu ya tuta. Kuanzia siku hiyo, kila mstari, swali ni hilo hilo.

"Wewe mtoto, hivi huna swali lingine?"

"Ninalo, mama. Hilo jibu lako maana yake nini?"

Namkunda akajifunza kusimama katikati ya mstari na kufikiri. Ila mtihani uliofuata, dakika ikaisha hajafika hata nusu ya alikofika na Nakijwa. Afisa akaandika kwamba mwalimu huyu kamrudisha mwanafunzi nyuma.

Basi, ukafika mkutano wa kijiji wa kugawa zamu za maji. Katibu alikuwa mgonjwa, na zile sheria mpya hakuna aliyeweza kuzieleza. Macho yakamgeukia Namkunda. Mwenyekiti, mkwe wake, akainuka mwenyewe bila kuambiwa, akaenda kusimama nyuma ya ukuta, asikie bila kuonekana. Namkunda akasoma sheria moja moja, akaieleza kila moja, mpaka vikongwe wakawa wanabishana juu ya sheria zenyewe. Habari ikafika wilayani. Wilaya ikasema: mwalimu aliyefanya kazi hii aajiriwe. Nafasi ni moja. Wengine wawili warudi mashambani kwao, darasa litakuwa la huyo mmoja.

Afisa akawaita wote.

"Karatasi zangu zinamtaja Nakijwa," akasema. "Huyu Mzee ana sifuri. Huyu kijana kashusha."

"Sifuri ile haikuwa yangu," Mzee Kiangi akasema kwa sauti ya chini.

"Ilikuwa ya nani?"

Mzee akavua kofia, akaikung'uta vumbi.

Nakijwa akamtazama. "Mzee, mimi nakuheshimu. Lakini mimi ndiye niliyejua pa kumsomeshea. Kufundisha si ni pamoja na hilo?"

"Ungemsomesha nini, binti, kama hajui hata herufi?"

"Na mbio zile zilimuunguzia shamba," Mrutu akasema.

"Wewe ulimkuta anasoma, ukampunguza kasi. Hebu tuambie ulimfundisha herufi gani?" Nakijwa akamrudishia.

"Hakuna," Mrutu akajibu. "Nilimkuta kaacha."

Afisa akachoka nao. "Mama, sema mwenyewe. Nani kakufundisha?"

"Wote," Namkunda akasema. "Kama msaragambo, kazi ya pamoja. Kijiji kikichimba mfereji hatuulizi maji ni ya jembe la nani."

"Mshahara hauna msaragambo, mama. Nataka jina moja. La sivyo naandika hili la kwenye karatasi."

Namkunda akapima moyoni. Akimtaja Kiangi, itabidi aeleze ile sifuri, na jina la mkwe wake litaingia kwenye mazungumzo ya ofisini. Akimtaja Nakijwa, anakubali kwamba mbio ndiyo kusoma, na wanawake watakaokuja baada yake watafundishwa mbio. Akimtaja Mrutu, anawafuta wawili ambao bila wao Mrutu asingekuwa na mstari wa kuulizia. Akinyamaza, karatasi itasema badala yake, kama ilivyosema siku ile alipojifunika kanga mbele ya afisa.

Wale watatu walikuwa wamemkazia macho. Hakuna aliyemwomba kitu, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Afisa akamsukumia kalamu na karatasi.

"Unajua kuandika sasa. Andika jina."

Namkunda akaishika kalamu. Karatasi haikutoboka.

Mimi naishia hapo alipoishia yeye, kalamu mkononi. Haya, ninyi mliokaa hapa mkanisikiliza, mngeandika jina la nani? Na hao wawili mngewaangaliaje kesho mkikutana njiani?