Jinsi Kiboko Alivyoidhinisha Nyumba za Wanyonge

Paukwa!

— Pakawa!

Nani huyo kaitika kama ana tonge mdomoni? Tena! Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa mto, pakawa kilima, na katikati yao wapangaji wasio na pa kulaza watoto. Niwape?

— Tupe!

Haya pokeeni, na mwenye kusinzia akasinzie kwao.

Hapo kale, chini kule mtoni, aliishi Kiboko. Kiboko alikuwa mkubwa, na ulafi wake ulikuwa mkubwa kuliko yeye. Ukingo wote wa mto ulikuwa wake. Nani alimpa? Msiniulize mimi, muulizeni yeye. Kwenye ukingo huo alikuwa na vibanda vya matope, vimebanana, na humo ndimo wanyama wadogo walimopanga: Panya na wanawe, Nguchiro, Mama Digidigi na kitoto chake, na Pimbi. Kodi ilikuwa nusu. Nusu ya nini? Nusu ya kila ulichochuma! Ukirudi na majani, nusu ya Kiboko. Ukirudi na matunda, nusu ya Kiboko. Ukirudi mikono mitupu, utatoka nje ukalale kwenye miiba.

Na hivyo vibanda vyenyewe sasa! Masika yakinyesha mto unapanda, maji yanaingia ndani bila hodi. Masika yaliyopita kitoto cha Mama Digidigi kilikesha mgongoni mwa mama yake, maji yakiwa yamemfika mama shingoni, na tangu siku ile kikawa kinakohoa, koho koho, koho koho, hakilali. Pimbi alikuwa jirani yao, ukuta kwa ukuta. Kila kikohozi kilimchoma yeye kama mwiba wa samaki.

Pimbi, kama hamumjui, ni kanyama kadogo, kanene, hata mkia hakana, lakini kwa kukaa maweni hana mwenzake. Siku moja akatazama kilimani, akaona mawe yamejaa bure, pakavu, pana upepo. Akasema moyoni, "Pale nitajenga nyumba za kupangisha. Kodi itakuwa konzi moja ya majani, basi. Masika yajayo mtoto huyu halali majini."

Lakini kujenga kuna utaratibu, jamani. Huokoti tu jiwe ukalipandisha juu ya jiwe. Unapeleka ombi kwenye baraza la ardhi, na mwenyekiti wa baraza la ardhi alikuwa nani? Kiboko! Eee, mwenye vibanda ndiye huyo huyo mwenye kibali. Na kwa kuwa wanyama hawaandiki, sheria ilikuwa hivi: mwombaji anachomeka vigingi vyake kwenye kiwanja, na mwenyekiti akiridhia anakwenda kukanyaga udongo mbichi ndani ya vile vigingi. Unyayo wake ndio muhuri. Ukishakauka juani, kiwanja kimepita, na hakuna wa kuufuta, hata yeye mwenyewe. Sheria hiyo aliitunga Kiboko, siku ile alipojikanyagia ukingo wa mto.

Basi Pimbi akachomeka vigingi vyake kilimani, vifupi kama yeye, akashuka mtoni na furushi la majani mabichi, maana mkono mtupu haulambwi. Chaka chaka chaka, huku anaimba:

*Nipe kibali, baba, nipe kibali,*
*Masika yaja, mtoto halali.*

Pwaa! Kiboko akaibuka. Akala majani kwanza, akacheua, kisha akauliza, "Nyumba zenyewe zikoje?"

"Ndogo, Mheshimiwa. Za wanyonge."

"Ndogo mno! Mgeni akija atalala wapi? Katanue. Njoo kesho." Chubwi! Akazama.

Pimbi akarudi kilimani, akatanua. Kesho yake chaka chaka chaka, furushi kichwani:

*Nipe kibali, baba, nipe kibali,*
*Masika yaja, mtoto halali.*

Pwaa! Kiboko akala, akacheua. "Nyumba zikoje?"

"Nimezitanua, Mheshimiwa."

"Kubwa mno! Zitaziba jua, maji yangu yatapoa, nitapata mafua. Kapunguze. Njoo kesho." Chubwi!

Pimbi akapunguza. Kesho yake akarudi, miguu inamuuma, wimbo umemkauka kooni. Pwaa! Kiboko akala, akacheua.

"Nyumba zikoje?"

"Si kubwa, si ndogo, Mheshimiwa. Za kadiri."

Kiboko akakosa kasoro. Akafikiri mpaka masikio yakamtikisika. "Majirani wameweka pingamizi," akasema.

"Majirani gani?"

"Mimi."

Chubwi!

Pimbi akabaki ukingoni anatazama mapovu. Aliumia, nawaambia. Alitamani kulia, na kwa kweli alilia kidogo, ila upande ule ambao Kiboko hamwoni. Akapita kwa Mama Digidigi, akamkuta anazibaziba ufa kwa matope, mtoto kwenye mapaja, koho koho. Mawingu yalikwishaanza kukusanyika upande wa machweo.

"Shemeji Pimbi," akasema Mama Digidigi, "wamekupa?"

"Hawajanipa, shemeji."

"Basi acha. Mwenye nguvu mpishe."

"Nitampisha," akasema Pimbi, na hapo hapo akili ikamfunguka. "Tena nitampisha apande mpaka juu!"

Kesho yake Pimbi akaenda mtoni bila furushi wala wimbo, uso kaukunja kama aliyefiwa. Pwaa!

"Majani yako wapi?" akauliza Kiboko.

"Nimekuja kuaga tu, Mheshimiwa. Sijengi tena."

"Hoo hoo hoo! Vizuri sana! Kwa nini lakini?"

"Kilima kina mwenyewe sasa. Ndovu wa bonde la pili amesema kile hakijakanyagwa na mtu, kwa hiyo hakina mtu. Kesho alfajiri anakuja kukikanyaga chote. Atajenga, atapangisha, atatoza kodi. Wapangaji wako wote watahamia kwake."

Kiboko akaacha kucheka. "Nani mwingine anajua?"

"Wewe tu, Mheshimiwa wangu."

"Basi funga mdomo. Na usiende tena kilimani, kuna baridi."

Pimbi akafunga mdomo, akafungua miguu. Chaka chaka chaka mpaka kwa Bi Kanga, mjumbe na mpiga mbiu wa baraza. "Bi Kanga, dada yangu, kesho alfajiri mwenyekiti anapanda kilimani kukagua kiwanja changu. Wakusanye wajumbe, lakini mkae nyuma ya mawe mpaka amalize. Unamjua, hapendi kuhangaishwa akiwa kazini." Bi Kanga akapokea habari kwa mikono miwili, keke-keke-keke, huyo kaenda.

Adhuhuri, Kiboko alipokuwa amelala majini pua tu iko nje, wapangaji wote wakabeba udongo wa mfinyanzi kutoka mtoni. Panya kwa mkia, Nguchiro kwa mdomo, Mama Digidigi kwa kichwa. Wakautandaza kiwanja kizima, usiku kucha wakaumwagia maji, ukawa laini kama uji wa mgonjwa.

Kulipopambazuka, Pimbi alikuwa kajibanza nyuma ya jiwe, anachungulia. Je, asipokuja? Je, akija akaviona vigingi?

Hii, haa! Hii, haa! Huyo anapanda! Kiboko kapanda kilima, tumbo linaburuza, macho yako mbali yanamtafuta Ndovu, vigingi vifupi vya Pimbi hata hakuviona. Akaingia kiwanjani. Pwata! "Changu hiki!" Pwata! "Na hiki changu!" Alikanyaga chumba cha kwanza, akakanyaga cha pili, akakanyaga vyote. Akakanyaga jikoni. Akakanyaga chooni, ndiyo, hata choo kilipata muhuri! Tamaa ikamzidi, akatoka nje ya vigingi, akakanyaga upande wa pili wa kilima ambako Pimbi hakuthubutu hata kuomba. Pwata, pwata, pwata! "Changu chote!" Halafu akarudi katikati ya kiwanja, akasimama anatweta.

Ndipo kelele zilipolipuka. Keke-keke-keke! Vigelegele kutoka kila jiwe! Wajumbe wakatoka, Panya na wanawe wakatoka, Nguchiro akatoka anacheza.

"Hongera, mwenyekiti!" akapaza Bi Kanga. "Umekipitisha kiwanja cha Pimbi! Na umemwongezea!"

Kiboko akatazama chini, akaviona vigingi. Akatazama mbele, akawaona wapangaji wake wote wamesimama wanamtazama.

"Mheshimiwa," akauliza Mama Digidigi, kwa adabu kabisa, mtoto mgongoni, "umekuja kukagua au umekuja kunyakua?"

Jamani, hapo Kiboko angejibu nini? Akisema kunyakua, baraza zima linasikia. Akisema kukagua, kibali kimepita.

"Kuka… kukagua," akasema Kiboko. "Mimi tena! Kukagua bila shaka!"

Lakini huku anasema hivyo mguu wake unasugua chini, unafuta. Pimbi akauona. Udongo bado mbichi! Akaruka juu ya jiwe. "Hotuba! Mgeni rasmi atuhutubie! Hotuba!"

"Hotuba! Hotuba!" wakaitikia wote.

Mwenyekiti gani atakataa hotuba? Kiboko akakohoa, akaitunisha shingo. "Ndugu wananchi! Mimi tangu nikiwa mdogo nimewalilia wanyonge…" Wakampigia makofi. Akasugua unyayo mmoja, akasogea, pwata, akaweka mwingine. Akausugua huo, pwata, akaweka wa tatu! Na kila akitaka kunyamaza, Pimbi anapaza, "Rudia hapo, Mheshimiwa, huku nyuma hawajasikia!" Naye anarudia. Jua likapanda, udongo ukakauka, ukawa mgumu kama kigae. Ngozi ya Kiboko nayo ikakauka, ikaanza kupasuka. "Nimalizie kwa kusema… nimalizie… aaah, maji! Maji!" Gudu gudu gudu mpaka mtoni. Chubwi!

Wakajenga, wote, wakisukumana na kuimba. Jiwe la mwisho lilipokaa, masika yakashuka kwa kishindo. Pimbi alilala chumba kilichopakana na cha Mama Digidigi, ukuta kwa ukuta kama zamani. Alfajiri akasikiliza. Hakusikia koho koho. Akaogopa, akaweka sikio ukutani. Mtoto alikuwa anakoroma! Kadogo vile, kanakoroma kama shangazi aliyeshiba pilau! Pimbi akacheka peke yake, akageukia upande wa pili akalala mpaka mchana.

Kule mtoni vibanda vikabaki vitupu, na Kiboko akawa anachuma majani yake mwenyewe, yote, bila nusu ya mtu.

Hadithi yangu imefika kizingitini. Ikiwa imewanogea, ibebeni mkalale nayo; ikiwa haikunoga, niachieni mlangoni, nitainywea chai kesho.

Na funzo lake, kwa kuwa najua mtauliza: watoto, waheshimuni wakubwa wenu, na msiwaite wanyakuzi. Kiongozi mwema ni yule anayeamka alfajiri, akapanda kilima kwa miguu yake, bila kuitwa na mtu, akawapa wanyonge hata kile wasichokiomba. Kama hamniamini nendeni kilimani mkatazame. Nyayo zake zipo mpaka leo, kuanzia sebuleni hadi chooni.