Sebule ya Marehemu

Kach!

Mlio mmoja tu, usiku wa manane, kisha kimya.

Katika nyumba moja ya bati jekundu, kwenye mji mdogo wa milimani Usambara, watu watatu waliamka kwa pamoja. Aliamka Bwana Shemhilu, karani wa kiwanda cha chai. Aliamka Hidaya, mke aliyemwoa mwaka ule. Na katika chumba cha pili aliamka Mwajabu, binti wa Bwana Shemhilu, wa miaka kumi na miwili, akavuta blanketi mpaka puani.

Wote walijua mlio umetoka wapi. Ulitoka sebuleni.

Na sebule ile haikuwa na mtu. Ilikuwa imefungwa kwa kufuli tangu alipofariki mke wa kwanza wa Bwana Shemhilu, mama yake Mwajabu, miaka minne nyuma.

Bwana Shemhilu alimpenda sana mke yule. Alipotoka kumzika, aliingia sebuleni, akatazama viti vyake, kabati lake la vyombo, vitambaa vyeupe alivyovifuma kwa mkono wake. Akatoka, akafunga mlango. Tangu siku hiyo wageni walipokelewa barazani, kwenye viti vya plastiki. Na jina la mke yule halikutajwa tena. Aliyelitaja alimwona mwenye nyumba akisimama na kwenda zake bila neno. Majirani wakajifunza. Hata mtoto akajifunza. Wote wakasema "marehemu," basi.

Asubuhi kufuli lilifunguliwa.

Kiti cha marehemu, kile cha karibu na dirisha, kilikuwa kimelala kifudifudi. Hakuna aliyekigusa. Mguu wake ulikuwa umekatika wenyewe, na kwenye sakafu palikuwa na unga mwepesi, wa manjano, kama unga wa dengu. Mbao zilikuwa zimeliwa na wadudu kwa ndani.

Bwana Shemhilu alipiga magoti. Akauokota mguu, akajaribu kuupachika palepale ulipotoka. Ukamvunjikia mkononi.

"Kirudishe kilivyokuwa," alimwambia Hidaya.

"Nikikirudisha kilivyokuwa kitaanguka tena, baba Mwajabu. Tazama na kabati. Tazama vitambaa, panya wamevimaliza. Hapa hatutunzi vitu. Tunavilisha wadudu."

Mume akavitua chini vipande vya mguu. Alikuwa na sababu ya kuogopa. Mkwewe, mama yake marehemu, hupanda kutoka Korogwe kila mwaka kumtazama mjukuu. Na mwaka huu alitanguliza salamu nzito: "Nakuja kuiona nyumba. Nisiporidhika, naondoka na mtoto."

"Amesikia nimeoa," Bwana Shemhilu alisema. "Anakuja kuangalia kama vitu vya mwanawe vimeguswa."

"Na akivikuta vimekuwa vumbi?"

Akamtazama mkewe, akautazama ule unga sakafuni.

"Haya, fanya. Lakini Bibi akija, wewe ndiye utakayemjibu. Mimi mkwe wangu siwezi kumwinulia uso."

Habari zilivuka ua kabla chai haijachemka. Mama Chausiku, jirani, aliegemea fito za ua na kushika kiuno.

"Hidaya, shoga yangu, choma vyote hivyo ununue sofa mpya. Mke mwenza aliye hai mtagombana, mtapatana. Huyu wa ndani ya kufuli utamweza wapi?"

"Sikuja kugombana na mtu, shoga. Nimekuja kukaa. Sasa nyumba nzima haina pa kukaa."

"Ukipaka rangi vitu vya marehemu, bibi yule atakupaka wewe!"

"Anipake. Nami nimechakaa kidogo."

Mama Chausiku akacheka mpaka akashika fito kwa mikono miwili.

Hidaya hakuwa seremala, wala hakuwahi kupaka ukuta. Alikuwa na msumeno wa kuazima, msasa, gundi ya mbao na mafuta ya taa ya kumwaga kwenye matundu ya wadudu. Lakini alijiwekea sharti moja, akalisema kwa sauti ili Mwajabu aliyenuna mlangoni alisikie: "Hakuna kitu cha humu kitakachotupwa. Kisichofaa kilivyo, kitafaa vingine."

"Hicho ni cha mama," Mwajabu alisema, kila Hidaya alipogusa kitu. "Na hicho ni cha mama."

"Najua. Ndiyo maana nakuuliza wewe. Alikuwa anakiweka wapi?"

Mtoto akageuza uso. Lakini hakuondoka mlangoni.

Walianza na ukuta. Hidaya alichimba udongo mwekundu nyuma ya nyumba, akauchekecha, akauchanganya na chokaa hadi ikawa rangi ya ganda la yai la kienyeji. Akapaka ukuta mmoja kwa fahari kubwa. Ulipokauka, Mwajabu akauegemea kwa makusudi, kuonyesha kwamba hajali. Alipojibandua, mgongo wake ulikuwa na rangi nyingi kuliko ukuta.

Hidaya akashika mdomo. Mwajabu akageuza shingo, akajiona, na kicheko kikamtoka kabla hajakizuia.

"Hukutia chumvi," alisema. "Mama alikuwa anatia chumvi. Anaikoroga kwenye maji ya moto, ndiyo chokaa inashika."

"Chumvi kiasi gani?"

"Subiri, nitakuonyesha."

Tangu hapo walifanya kazi wakiwa wawili. Mwajabu alikumbuka mengi, na mikono yake ilikumbuka zaidi. Alijua kiti kipi kilitazama dirisha na kwa nini: mama alipenda kufuma akiona barabara. Alijua kufuma, ingawa hakuwa amegusa sindano tangu msiba. Wakachukua viti viwili vilivyoliwa. Kimoja kilikuwa na mgongo mzima, kingine kilikuwa na miguu mizima, wakaviunga kwa mbao zilizobaki, wakapata benchi moja imara. Milango ya kabati la vyombo ilikuwa imekwisha. Wakaiondoa, wakaisawazisha rafu kwa msasa, na kabati likawa la vikombe upande mmoja na la vitabu vya Mwajabu upande wa pili.

Walikosea pia. Benchi lenyewe mwanzoni lilitoka na mguu mfupi, likamwangusha Hidaya mbele ya Mama Chausiku, aliyekuja kuchungulia. Kikombe kimoja cha wageni kilivunjika. Hidaya alikunja vipande vyake katika kitambaa, akaviweka juu ya rafu, asivifiche.

Siku moja Bwana Shemhilu alirudi mapema kazini. Alisimama mlangoni, akaona mkasi na vitambaa vyeupe sakafuni, vimekatwa.

"Hidaya! Vitambaa vyake umevikata?"

"Nimevikata mimi, baba," Mwajabu alisema. Hakuinuka. "Panya walikuwa wamekula pembeni. Nimechukua maua yaliyobaki mazima. Tunayashonea kwenye pazia. Njoo uone, hili ni lile alilofuma nikiwa na surua."

Baba alilishika ua lile kati ya vidole viwili. Akalirudisha mkononi mwa mwanawe, akatoka nje.

Kesho yake alirudi na kopo la vanishi. Alilitua mlangoni. Hakuingia, lakini alilitua.

Kisha Bibi akaja.

Alipanda mlima na basi la asubuhi, mwanamke mrefu, kanga mbili, kikapu cha machungwa kichwani na mfuko mtupu umekunjwa kwapani. Hidaya aliuona mfuko ule kabla ya yote. Alijua ni wa nguo za nani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo?"

Kwa mazoea Bibi alielekea kiti cha plastiki barazani. Alikwisha kukishika apate kukaa.

"Bibi," Hidaya alisema, na sauti yake ilikuwa nyembamba, "karibu ndani. Karibu sebuleni."

Bibi akasimama. Akamtazama Hidaya. Akatua kikapu, akavua viatu, akaingia.

Jua la saa nne lilikuwa limepita katika pazia. Maua meupe ya nyuzi, makubwa na madogo, yalitupa vivuli vyake ukutani, na ukuta ulikuwa na joto la rangi kama uso wa mtu aliyetoka jikoni. Mbao zilizokuwa nyeusi kwa vumbi sasa zilionyesha mishipa yake yote. Hapakuwa na kitu kipya mle ndani, na hapakuwa na kitu kilichochakaa. Ungeingia, ungetaka kukaa.

Bibi hakukaa. Alipitisha kiganja ukutani, kisha akakitazama. Kilikuwa kisafi.

"Kiti chake kiko wapi?"

"Kilivunjika, Bibi. Wadudu walikuwa wamekula miguu. Mgongo wake ndio huu wa benchi."

"Kabati lilikuwa na milango."

"Ilioza. Sasa linabeba vitabu vya Mwajabu."

"Vikombe?"

"Kimoja nilikivunja mimi. Vipande viko pale juu. Hivyo vingine tutavinywea chai sasa hivi."

Bwana Shemhilu alikuwa amesimama mlangoni, macho chini, kama mkwe anavyotakiwa. Mwajabu alikuwa amemshika Hidaya kanga kwa nyuma, kaikunja ngumini.

Bibi akakaa kwenye benchi. Likalia kidogo, likatulia. Akauchukua ule mfuko kwapani, akaukunjua polepole, akaupiga vumbi. Kisha akamnyoshea Hidaya.

"Shika. Nilikuja nao kwa ajili ya nguo za mtoto. Tieni vitambaa vilivyobaki, visiliwe tena."

Hakuna aliyeelewa. Bwana Shemhilu ndiye aliyesema, akiwa bado anatazama sakafu.

"Mama, niwie radhi. Mimi nilikuwa nimekataza visiguswe. Nilijua ukikuta vimeguswa utamchukua mtoto."

"Nani kakwambia hivyo?" Bibi alisema. "Nilikuwa nimchukue kama ningelikuta lile kufuli."

Akaunyoshea mlango kidole.

"Miaka yote hii mnanikalisha barazani kama mtu wa sensa. Mwanangu ana sebule, mimi nakunywa chai pamoja na kuku wa uani! Nikasema moyoni, mtoto akikulia hapa atadhani mama yake alikuwa aibu, maana hawakai penye kiti chake na hawamsemi. Leo nimekuta watu wamekaa. Nimekuta mwanamke ambaye hakumjua mwanangu, na ametia chumvi kwenye chokaa kama yeye."

"Mwajabu ndiye aliyenifundisha, Bibi," Hidaya alisema.

"Basi na yeye alifundishwa na mama yake, na mama yake nilimfundisha mimi. Unaona ilivyofika mbali?" Akamshika Hidaya mkono, akaugeuza, akatazama malengelenge ya msumeno. "Mikono hii nimeipenda."

Kisha akamgeukia mkwewe.

"Wewe baba, nakushukuru kwa kumpenda. Lakini nina dai moja nawe. Siku alipozaliwa binti yule, jina langu la utotoni lilikufa. Mji mzima ukaniita kwa jina lake. Sokoni, msibani, hospitalini, mimi ni mama yake fulani. Kule Korogwe mpaka leo naitwa hivyo. Nikipanda mlima huu tu, jina langu linabaki barabarani. Hapa mimi ni Bibi, kama bibi yeyote apitaye njia. Mwanangu nilimzika mwenyewe. Umama wangu, baba, sikuwapa ruhusa mkauzike."

Hidaya alikuwa amemimina chai. Alitaka kuipeleka, lakini mumewe akanyoosha mikono, akakichukua kikombe.

Akaingia sebuleni. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuvuka kizingiti kile tangu asubuhi ya kiti kilichovunjika. Akapita mbele ya pazia, maua ya nyuzi yakamtembea kifuani. Akainama mbele ya mkwewe, kikombe mikononi. Midomo ikafunguka, ikafungika.

"Karibu chai," akasema.

Akainua uso, akamtazama yule mama machoni.

"Karibu chai, Mama Zaituni."

Funzo: Waliotutoka hatuwatunzi kwa kuvifungia vitu vyao, bali kwa kuvitengeneza, kuvikalia na kuwataja kwa majina yao tunapokunywa chai. Ukimjua mwenye kufuli kama hili, mpelekee hadithi hii.