Konokono na Samaki wa Hodhi la Simba

Mwaka ule mvua ilikata shauri isije. Mito ikabaki mchanga, mabwawa yakabaki nyufa, na katika nyika yote maji yalisalia mahali pamoja tu: kwenye hodhi la Simba, shimo pana la mwamba mbele ya pango lake, ambamo chemchemi ilidondosha tone baada ya tone. Maji yalikuwepo, ila hayakunyweka. Juu yalikuwa ya kijani, kando yaliteleza, na viluwiluwi vya mbu vilicheza ngoma ndani yake bila haya. Mama Simba alionja mara moja, tumbo likamkoroga siku tatu.

Simba hakupenda kusikia kwamba kwake kuna uchafu. Akatoa tangazo. "Natafuta wakazi wa hodhi langu. Samaki wadogo wa kula viluwiluwi, mmea wa kuyapa maji kivuli, na mtu wa kulamba utelezi. Wawe wazuri, maana nitakayewatazama ni mimi." Kazi ya kuchagua akampa Sungura, aliyekuwa hodari wa kuuliza maswali na mwenye kiu kuliko wote.

Konokono alilisikia tangazo hilo Jumatatu, akiwa kwenye tope la mwisho la bwawa lililokauka nyuma ya kilima. Ukoo wake ulikuwa umelamba mawe ya bwawa lile vizazi kumi na vinane, naye aliwajua wote kwa majina na kwa jiwe la kila mmoja. Sasa alikuwa amebaki peke yake, na tope lilibaki la siku nne. Akaanza safari. Alifika Alhamisi.

Alikuta foleni. Mbele kabisa alikuwa Mamba.

"Wewe umekuja kama nani?" Sungura akamwuliza.

"Samaki mdogo," Mamba akasema, mkia ameukunja.

"Mdogo wa wapi, mzee wangu?"

"Kwetu mimi ndiye kitinda mimba."

Sungura akamshukuru kwa kuja, akamwonyesha njia ya kurudia.

Akafuata Kambare, mwembamba kama unyasi. Simba akampenda papo hapo. "Huyu achukuliwe. Ana sharubu kama zangu."

"Kijana," Sungura akasema, "mama yako ana urefu gani?"

Kambare akatazama chini. "Mama siku alipovuliwa alibebwa na watu wawili."

"Alikuwa akila nini?"

"Majirani."

Kambare naye akaonyeshwa njia. "Mzee," Sungura akamwambia Simba, "samaki hapimwi kwa alivyo leo. Apimwe kwa mama yake."

Ndipo walipokuja furu kumi na wawili, hakuna aliyezidi kidole, wakiongozwa na Bi Furu. Mama zao walikuwa kidole, bibi zao walikuwa kidole, na chakula chao kilikuwa viluwiluwi asubuhi na viluwiluwi jioni. Sungura akalizunguka hodhi akilipima kwa hatua, akasema kumi na wawili wanatosha, maana maji yenye wakazi wengi huchoka.

Kwa upande wa mmea, Simba alitaka gugumaji, kwa sababu lilikuwa na maua ya zambarau yanayomfaa mfalme.

"Gugumaji ukilikaribisha Ijumaa hii," Sungura akasema, "Ijumaa ijayo wewe ndiye utakayepiga hodi."

Badala yake akachagua yungiyungi, lenye majani machache mapana yenye adabu. Simba akanung'unika. Yungiyungi lilipofungua ua jeupe, akawaambia wageni kwamba wazo lilikuwa lake tangu mwanzo.

Hatimaye Konokono akafika mbele.

"Nawe kazi yako?"

"Nalamba."

"Zaidi ya utelezi, unakula nini?"

Konokono akafikiri. Hakupenda kusema jambo nusu. "Nala na kilichokufa. Kilicho hai kinanishinda mbio."

Foleni nzima ikacheka, naye akaingia majini.

Kilichobaki kilikuwa ulinzi, maana korongo wenye njaa walipita angani kila siku. Fisi akajitokeza. "Mimi samaki hata bure sili, Mzee. Wana miba. Mimi ni mtu wa mifupa."

"Miba ndiyo mifupa yao," Sungura akasema.

"Ndiyo maana siwapendi. Mfupa mdogo ni dharau."

Simba akacheka, akampa kazi.

Zilipita wiki mbili za furaha. Viluwiluwi vilikwisha, mawe yalitakata, na maji yakawa safi hata Simba akakaa kutwa nzima ukingoni akijitazama sharubu. Wanyama walikunywa kwa zamu. Swala walianza kurukaruka tena bila sababu. Konokono aliyalamba mawe mapya na kuyapa majina ya wazee wake: hili la Babu Mzingo, hili la Shangazi Tuliza.

Ila samaki walipungua. Kumi na wawili wakawa kumi, kumi wakawa wanane, wanane wakawa sita. Asubuhi moja Konokono alinusa kitu kibaya, akakifuata mpaka chini ya yungiyungi. Alikuwa furu mmoja amelala, nusu yake haipo. Mzoga ukilala majini, hodhi zima hunuka, na kuuondoa ilikuwa kazi yake. Akapanda juu yake, akaanza.

Papo hapo maji yakatikiswa na sauti ya Fisi. "Njooni mwone. Mlaji wa samaki ndiye huyu."

Konokono akatolewa na kuwekwa mwambani, wanyama wote wakamzunguka. "Nimemkuta juu ya marehemu," Fisi akasema, "na mdomo unafanya kazi. Sisi tunakesha tukitazama angani, kumbe mwizi tumelala naye nyumba moja. Mzee, huyu aanikwe kwenye jiwe lile la juu, jua la utosi, mpaka gamba lipasuke."

Simba alikuwa amefedheheka. Samaki wake mwenyewe, nyumbani kwake mwenyewe. "Konokono, ulikuwa juu yake?"

"Nilikuwa juu yake, Mzee. Alikuwa amekwisha kufa."

"Wauaji wote husema hivyo," Fisi akasema.

Konokono akajikunja ndani ya gamba. Vizazi kumi na vinane, na wa mwisho wao angekauka kwa kosa la kufanya kazi.

Sungura akainama majini. "Bi Furu, wewe unakaa humu. Umeona nini?"

Bi Furu akaja juu, akamtazama, asiseme neno. Mashavu yalikuwa yamevimba.

"Mtazameni alivyonuna," Fisi akasema. "Anamwogopa jirani yake, maskini."

Sungura akasugua pua. Kisha akamchukua yule samaki nusu, akamlaza juu ya mwamba, pima moja kutoka alipokuwa Konokono, na njia ya katikati akaimwagia maji. "Tunaambiwa huyu ni mwindaji. Basi atuonyeshe anavyowinda. Samaki huyu hata hakimbii. Konokono amfikie na kummaliza, nasi tushuhudie."

"Vema kabisa," Fisi akasema upesi. "Tutasubiri."

Wakasubiri. Konokono akatoa pembe, akaanza kwenda. Alipofika kwenye utelezi akasimama kuulamba, maana hakuweza kupita uchafu akauacha. Jua likapanda. Akaenda, akakuta utelezi mwingine. Nyani alihesabu vidole vyake vyote, akaanza vya mkewe. Hata Kobe, ambaye si mtu wa kulaumu mwendo wa mwenzake, alipiga miayo.

Jua lile likamfikia samaki, naye akaanza kunuka. Swala wakageuza nyuso. Mama Simba akaziba pua. Fisi peke yake alifumba macho kama anayesikiliza taarabu, na udenda ukamtiririka mpaka kifuani.

"Mzee," akasema, "naomba nimsogeze marehemu kivulini. Ni heshima tu."

"Kaa," Simba akasema.

Akakaa. Baada ya kitambo akainuka. "Basi nimfukuzie nzi."

"Fukuza."

Fisi akaenda kufukuza nzi. Wa kwanza alimfukuza kwa mkono. Wa pili alimfukuza kwa pua. Wa tatu alimfukuza kwa ulimi, akarudi mahali pake na kuketi, ametulia. Nyuma yake nzi walizunguka mwamba mtupu.

"Marehemu yuko wapi?" Simba akauliza.

Fisi akameza. "Amepumzika."

"Na ile miba uliyokuwa ukiichukia?" akauliza Mama Simba.

"Wala huyu hakuwa na miba mingi kama wale wengine," Fisi akasema, kisha masikio yake yakasikia ulichosema mdomo.

 Halafu Nyani akaanza kucheka, Kobe akafuata, na kicheko kikazunguka kama moto wa nyikani. Bi Furu, aliyejizuia siku nyingi, akashindwa. Akacheka kwa mdomo wazi, na kutoka mdomoni wakamwagika watoto, wadogo kama punje za mtama, thelathini na mmoja, kila mmoja na macho yake.

"Mniwie radhi," akasema akitweta. "Sisi tunawalea watoto mdomoni, na mlinzi kama yule, ningefunguaje? Nilimwona kila siku. Mkono wake huingia hapo kwenye yungiyungi."

Sungura, aliyesema kumi na wawili wanatosha, akahesabu watoto mara mbili na kushika kichwa.

Simba hakucheka. Alimwonyesha Fisi jiwe la juu, lile alilolichagua Fisi mwenyewe kwa ajili ya mwenzake. "Panda. Utashuka Konokono atakapofika hodhini kwake."

Fisi akapanda. Jiwe lilikuwa la moto kama kikaango, akawa anainua mguu huu na kuuweka ule, akicheza ngoma ambayo hakuna aliyempigia. Konokono akageuza gamba lake taratibu na kushika njia ya kurudi.

"Shemeji Konokono," Fisi akaita, "kaza mwendo kidogo."

"Ndiyo nimeukaza, shemeji," akasema Konokono, na mbele yake akaona utelezi wa asubuhi, pembeni haukulambwa vizuri, akasimama.

Njia ya mwongo ni fupi.