Sauti Iliyofutwa Katika Kundi la Tuzikane

Kufuta si kukanusha. Mmemsikia mama yenu akiisema sasa hivi, mkacheka, mkaniuliza ni methali gani hiyo isiyo na mvi hata moja. Ni kweli, bado ni changa. Wengi waliokuwapo ilipozaliwa wangali hai, nami ni mmoja wao. Basi sogeeni. Ilianza hivi.

Hapa Tabora, katika mtaa wetu huu huu, Bi Sikudhani ndiye aliyekuwa akiosha maiti za wanawake. Kila asubuhi, akimaliza kufagia uwanja, alikwenda kunywa chai ya tangawizi barazani kwa shoga yake, Bi Nyamizi. Wakiwa na vikombe mkononi walifungua simu na kusikiliza salamu za Tuzikane, kundi la mtaa mzima la kupeana habari za misiba. Wawili hao walikuwa wameahidiana: atakayebaki ndiye atakayemwosha mwenzake.

"Lakini ukinimwagia maji ya baridi," Nyamizi alizoea kutania, "nitaamka nikugombeze."

Asubuhi moja, katikati ya salamu, iliingia sauti ya mtu wasiyemjua, imesambazwa kutoka kundi jingine. Ilisema kwamba mwosha maiti wa mtaa wetu huficha vitambaa alivyooshea maiti na kuwauzia waganga. Sikudhani alikiweka kikombe chini.

Msimamizi wa kundi alikuwa Bwana Kapela, mtu mpole asiyependa magomvi. Aliifuta sauti ile upesi. Kisha, kwa kuogopa malumbano, akalifunga kundi, asiweze kuandika wala kusema mtu mwingine isipokuwa yeye. Akaona kazi imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Pale ilipokuwa sauti palibaki maneno kwamba ujumbe umefutwa, na waliochelewa kuamka wakaulizana ulisema nini. Wakaelezana bombani, kila mmoja akitia chumvi yake.

"Kama ni uongo, mbona Kapela hakusema ni uongo?"

"Ndiyo maana kafunga na kundi. Wanamficha huyo!"

Sikudhani alitaka kujibu, lakini hakukuwa na mahali pa kujibia. Akaenda kwa Kapela.

"Mwanangu, nifungulie niseme langu."

"Bi mkubwa, ukijibu wataanza upya. Iache ipoe. Si nimeshaifuta?"

Na Kapela alijua. Kila baada ya josho, yeye ndiye aliyechimba shimo nyuma ya nyumba ya msiba na kuvifukia vitambaa hivyo. Hakuna aliyejua kuliko yeye.

Haikupoa. Watu walianza kumwita mwoshaji wa mtaa wa pili. Walipokutana na Sikudhani njiani walimwamkia huku wakiangalia kando. Nyamizi peke yake aliendelea kumwekea kikombe. Kisha mvua zilipoanza, Nyamizi akaugua kifua, akafa.

Sikudhani alikuja na sabuni na kafuri yake. Mlangoni mwa chumba alimolazwa shoga yake alimkuta Chausiku, binti wa marehemu, ameshika pazia kwa mikono miwili. Sisi wanawake tuliokuwa mkekani tukageuka kuangalia.

"Shikamoo, bibi," Chausiku alisema. "Naomba usiingie."

"Marahaba. Mama yako alikuachia neno gani juu yangu?"

"Alisema umwoshe wewe." Machozi yalimtoka. "Lakini nitayaweka wapi maneno ya watu? Watasema nimemtoa mama yangu auzwe. Ile sauti kila mtu anaijua."

"Wewe uliisikia?"

"Sikuisikia. Nilikuta imefutwa. Nilisimuliwa tu."

Kapela alikuwa nje na wanaume wakisubiri kuleta jeneza. Aliposikia sauti ile ikitajwa, alisogea hadi kizingitini.

"Chausiku, mwanangu, mambo yale nilishayafuta."

"Ulifuta kwenye simu, baba," mwanamke mmoja alimjibu kutoka mkekani. "Vichwani mwetu nani alifuta?"

Sikudhani hakugeuka kumtazama. Alisema polepole, kama mtu aliyechoka kubeba:

"Ulifuta, Kapela. Kufuta si kukanusha. Uliondoa maneno ya aliyenisingizia, na yangu ukayazuia. Leo shoga yangu amelala humo, nami nimesimama nje."

Kapela alitoa simu mfukoni na kulifungua kundi kwa watu wote. Aliisogeza mdomoni, akasema kwa nguvu hata wanaume wa nje wakasikia:

"Mimi ni Kapela. Bi Sikudhani hajawahi kumuuzia mtu kitu. Vitambaa vyote nilivifukia mimi, kwa jembe langu, na mashimo yapo, mwenye shaka nimpeleke. Nilijua tangu siku ya kwanza kwamba sauti ile ni ya uongo."

Chausiku aliliachia pazia. Akamshika Bi Sikudhani mkono, wakaingia wote wawili. Kapela angeweza kuishia hapo, maana lililotakiwa mlangoni lilikuwa limekwisha kupatikana. Lakini mtaa mzima haukuwa mlangoni. Aliendelea kusema na simu yake, machozi yakimlenga:

"Niliogopa ugomvi, nikafuta, nikanyamaza. Mwenye neno sasa aseme, kundi liko wazi, na Bi Sikudhani naye atajibu. Kufuta si kukanusha, ndugu zangu. Leo nakanusha."