Mshindani wa Semboja

Mjini Kwemvumo aliishi mjane aitwaye Sikudhani, mwenye mashine moja kuukuu ya kusaga nafaka. Mashine nyingine sita zilikuwa mali ya tajiri Semboja, naye siku moja akamjia.

"Niuzie hiyo yako. Ukikataa, nitawasagia watu bure mpaka ufunge."

Sikudhani alijua hatanii. Alijua pia kwamba akishafunga, bei ingepaa na watoto wa Kwemvumo wangelala bila ugali.

"Chukua, tajiri," alisema kwa upole. "Lakini ofisa wa ushindani hatakuruhusu uzimiliki zote. Serikali inataka uwe na mshindani."

Semboja akakuna kidevu. "Sasa nifanyeje?"

"Andikisha moja kwa jina la mtu mwingine. Iwe nzuri, ofisa asishtuke. Na mtu mwenyewe awe mjinga, asije akakusumbua."

"Mjinga nitampata wapi?"

"Mimi je? Kitisho kimoja tu, nimeshauza mashine!"

Semboja akacheka mpaka machozi yakamtoka. Akainunua ile kuukuu, kisha akaandikisha kwa jina la Sikudhani mojawapo ya zile sita zake, mashine mpya ya umeme iliyokuwa sokoni. Ofisa akaja, akakagua, akagonga muhuri, akaenda zake.

Kesho yake Semboja alifika sokoni, akakuta foleni ya wateja na Sikudhani akimimina mahindi.

"Haya mama, nirudishie changu."

"Kwa moyo mmoja, tajiri," alijibu Sikudhani. "Kamwombe ofisa ruhusa ya kumiliki zote saba, nami nitakuachia leo hii."